Safari Imekwisha, Homa Bado Iko Njiani



Kila mwaka, katika Jumapili za mwanzo za Januari, ibada ikishakwisha hapa Lusu hakuna mama anayeondoka upesi. Tunasimama vikundi vikundi chini ya miembe, watoto wakirukia madimbwi, na habari zinaanza. Mmoja amerudi Dar es Salaam alikokwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Mwingine alipokea wajukuu watano Krismasi yote. Wa tatu alipanda ndege kwa mara ya kwanza, naye anaeleza jinsi masikio yalivyoziba. Kisha tunauliza nauli: ulilipa ngapi, ulikata tiketi lini, mizigo walikutoza? Na mwisho tunafika kwenye mwili: miguu imenivimba, mayo, tumbo halijatulia, mafua ya huyu mtoto hayaishi.

Wako wanaoyaita mazungumzo haya umbea. Sisi hatukubali. Ukisoma sura ya 4 ya Waraka wa Pili kwa Timotheo utamwona Mtume Paulo akifanya hayo hayo. Anaeleza nani amesafiri kwenda wapi, anaomba aletewe joho lake alilomwachia Karpo kule Troa, anatoa habari kwamba Trofimo alibaki Mileto akiwa mgonjwa, na anamsihi kijana wake afike kabla ya majira ya baridi. Hizo ni habari za safari, mizigo na afya, nazo zimo ndani ya Maandiko Matakatifu. Mwenye upendo huuliza habari. Jambo la kutazama ni kama habari tunazopeana zinajenga, na kama tunaulizana lile swali lililo kubwa kuliko yote.

NCHI YETU NI YA WASAFIRI

Sisi wa mkoa wa Tabora tumekulia kwenye njia. Kabla ya reli, misafara ya Wanyamwezi ilibeba pembe na nguo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, mizigo ikiwa juu ya vichwa na mabega. Wanawake nao walikuwemo, wakibeba vyombo vya kupikia na watoto mgongoni. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya sasa, mwanzoni mwa Novemba. Ni zaidi ya miezi 4. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza, lile linalopita Bukene wilayani kwetu Nzega, likakamilika mwaka 1928. Leo mtu anayetoka hapa alfajiri kwa basi yuko Dar es Salaam usiku, na anayepanda ndege hutumia saa chache tu angani.

Tuangalie basi tofauti iliyopo. Zamani safari ilikuwa ndefu kuliko ugonjwa. Ukiumwa na mbu mahali fulani, homa ilikukuta ungali njiani, na wenzako wa msafara walijua mlilala wapi. Siku hizi safari ni fupi kuliko ugonjwa. Unarudi nyumbani mzima, unafua nguo, unarudisha begi juu ya kabati, watoto wanarudi shule. Ndipo homa inabisha hodi, na hakuna anayekumbuka kwamba mlisafiri. Jambo hili ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu, nasi tutalirudia hapa chini. Kwanza tuyapitie yale mengine tunayoulizana.

NAULI NAFUU NA HESABU YAKE

Mwezi Novemba 2012 shirika la Fastjet lilianza kuruka hapa nchini kwa nauli zilizotangazwa kuanzia shilingi 32,000 bila kodi. Watu wengi ambao hawakuwahi kufikiria ndege walipanda. Shirika hilo liliacha kuruka nchini mwishoni mwa 2018, lakini lilituachia somo kuhusu nauli nafuu. Viti vya bei ya chini kabisa huwa vichache, navyo huuzwa kwanza. Anayekata tiketi miezi 2 kabla na anayekata siku 3 kabla ya Krismasi wanaweza kukaa viti vinavyopakana, mmoja akiwa amelipa mara mbili au tatu ya mwenzake.

Kwa hiyo rafiki anapotaja nauli aliyolipa, usiishie hapo. Muulize: kodi ilikuwemo? Begi la kilo ngapi liliruhusiwa? Ukibadili tarehe unatozwa? Je, kutoka kijijini hadi uwanjani ulilipa nini, na kule ulikofika, teksi ilikutoza ngapi? Anayetoka Lusu lazima kwanza afike Tabora au Mwanza, na pengine alale. Familia ya watu 5 ikijumlisha hayo yote, huenda basi au treni ikawa ndiyo nauli nafuu ya kweli. Na pengine sivyo: mama mwenye kidonda cha upasuaji, au mzee asiyeweza kukaa saa nyingi, ndege inaweza kuwa akiba. Tufanye hesabu yetu wenyewe, tusiige ya jirani.

Tuseme na hili pia. Januari ina ada, sare na madaftari. Fedha ya mchango wa kikundi si fedha ya tiketi. Tena kabla ya kuondoka, mama aweke kando kiasi ambacho hakiguswi kwa zawadi wala soda, kiwe cha matibabu njiani, pamoja na kadi ya bima ya afya kwa aliye nayo. Mtoto hachagui mahali pa kuugulia.

MARADHI MADOGO YA NJIANI

Miguu kuvimba. Ukikaa saa nyingi, maji hushuka miguuni. Miguu yote miwili ikivimba kidogo bila maumivu, na uvimbe ukaisha baada ya kulala umeinyanyua, usiogope. Lakini mguu mmoja ukivimba, shavu la mguu likauma na kuwa la moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likipanda hadi kwenye mapafu, mgonjwa hubanwa na pumzi ghafula na anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Huwa kubwa zaidi kwa mjamzito, kwa aliyejifungua karibuni, kwa mnene sana na kwa baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Dawa yake ni kuchezesha vifundo vya miguu, kushuka basi linaposimama, na kunywa maji.

Kubana mkojo. Hapa akina mama tunajuana. Tunakataa kunywa maji tangu asubuhi kwa sababu basi likisimama kuchimba dawa hakuna pa kujisitiri. Tunafika na mkojo wa rangi ya chai, na siku ya pili tunasikia kuungua. Tuvae vitenge vya kujifunika, tushuke wawili wawili, mmoja akimsitiri mwenzake, na tunywe maji kidogo kidogo. Akina mama mkiwa wengi ndani ya basi, mwambieni dereva kwa upole asimame penye choo. Mkisema kwa pamoja atasikia. Aliyekwisha kupata maumivu wakati wa kukojoa akapime mkojo. Na mjamzito asisubiri hata siku moja.

Masikio. Ndege inapoanza kushuka, hewa ndani ya sikio hailingani na ya nje. Mtu mzima ameze mate au atafune kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo huo, kwani kumeza ndiko kunakofungua njia ya hewa. Mwenye mafua makali huumia zaidi.

Kichefuchefu cha gari. Chakula kiwe kidogo bila mafuta mengi, kiti kiwe cha mbele, macho yatazame mbali. Tangawizi huwasaidia baadhi yetu. Lakini tuache kabisa ile desturi ya kumpa mtoto dawa ya usingizi ili asisumbue basini. Promethazini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2. Inaweza kumzuia kupumua, nawe ukadhani amelala vizuri.

Kuharisha. Weka pakiti 2 za ORS kwenye mkoba. Pakiti ya lita 1 ichanganywe na lita 1 kamili ya maji safi, si kikombe. Mtoto anayeharisha apate pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema.

Mimba na ndege. Mashirika mengi hudai barua ya daktari au mkunga kuanzia wiki ya 28, na hayampakii mama aliyefikisha wiki 36. Uliza kabla ya kulipa. Kadi ya kliniki isafiri nawe popote uendapo.

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Mtoto mwenye selimundu anaweza kusafiri, ila anywe maji mara kwa mara, afunikwe asipatwe na baridi ya usiku, na dawa zake zisikatishwe hata siku moja. Kabla ya kupanda ndege aonwe na daktari wake, kwa kuwa hewa ndani ya ndege ni hafifu kuliko ya huku chini.

Presha na sukari. Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye begi lililo ndani ya buti. Beba za siku zote za safari na za wiki moja ya ziada, kwani magari huharibika na misiba hutokea.

ASALI YA ZAWADI

Hakuna anayetoka Tabora kwenda kumwona mzazi bila chupa ya asali. Tunaisifu nasi. Lakini asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata ya kulambishwa kidoleni, hata iwe safi namna gani. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga, sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Asali ni ya mama, mtoto ananyonya. Na kwa wanaopanda ndege za nje ya nchi, chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100 kwa kawaida hakiruhusiwi ndani ya mkoba wa mkononi. Ifungwe vizuri kwenye begi la kupimwa.

DAWA HAZIGAWANWI KAMA CHUMVI

Katika mazungumzo haya ya chini ya mwembe, huja wakati mama mmoja anafungua mkoba na kusema, "Chukua hizi, mimi zilinisaidia." Anatoa rangi mbili zilizobaki, au diklofenaki za mgongo. Moyo wake ni mwema. Lakini mama anayepewa anaweza kuwa na mimba changa ambayo hajaitangaza, au vidonda vya tumbo, au presha. Na diklofenaki huweza kudhuru wote hao. Nusu dozi ya kiuavijasumu nayo haiponyi, bali inawafundisha vijidudu kuishi na dawa, na siku mtoto atakapoihitaji kweli haitafanya kazi. Baadhi ya dawa hizo, kama tetrasaiklini, huharibu meno ya watoto. Tugawane nauli, tugawane vitenge, tugawane hata kiti. Dawa mtu apewe na aliyempima.

HOMA INAYOFUATA NYUMA

Sasa turudi kwenye lile swali kubwa.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulipima malaria kwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Kwa nchi nzima, watoto 8 kati ya 100 walikutwa na vimelea. Kwa mkoa wetu wa Tabora walikuwa kama 23 kati ya 100, na huo ndio uliokuwa mkoa wa juu kuliko yote. Kule kwenye baridi, kama Kilimanjaro na Njombe, ugonjwa huu ni haba sana. Sasa fikiri: Desemba mvua zinanyesha, mbu wamejaa, na ndipo wajukuu wanapoletwa kwa bibi. Watoto wetu wa hapa wameugua mara kadhaa, na miili yao imejifunza kupambana kidogo. Mtoto wa Moshi hajajifunza lolote. Anapong'atwa, huanguka haraka. Hata mtu mzima aliyezaliwa Lusu akakaa mjini miaka mingi, kinga yake ya zamani hupungua. Asijivunie kuzaliwa huku.

Vimelea hukaa mwilini siku 7 au zaidi bila dalili. Mara nyingi homa hutokea ndani ya wiki 2 hadi mwezi, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Kwa hiyo mtoto anayeng'atwa usiku wa Krismasi kwa bibi anaweza kuugua Januari akiwa darasani, mbali sana na mbu aliyemng'ata.

Yuko mtoto mmoja wa miaka 7 ambaye alirudi kwao, upande wa milimani, baada ya wiki 3 katika mkoa wetu. Siku ya tisa alilalamika kichwa. Wakasema ni uchovu wa safari. Siku ya kumi akatapika, wakasema ni chakula cha barabarani. Alipewa panadol, homa ikashuka, ikapanda tena. Siku ya kumi na mbili jirani alikuja kusalimia tu na kusikia habari za likizo. Alipoambiwa mtoto amelala, akauliza: "Hivi mmerudi lini kutoka Tabora?" Mama akahesabu kwa vidole, akanyanyuka. Walipofika hospitali mtoto alikuwa ameanza degedege. Kwa kuwa mama alisema mlangoni, kabla hajaulizwa, kwamba wametoka Tabora, kipimo kilichukuliwa mara moja na sindano ya malaria kali ikaanza. Mtoto yule alipona, naye amerudi shule. Jirani hakuwa na elimu yoyote ya uuguzi. Alikuwa na desturi ya kuuliza habari.

Ndiyo maana tunasema mazungumzo haya si ya bure. Wahudumu wa afya katika mikoa isiyo na malaria nyingi huenda wasiifikirie haraka wanapomwona mtoto mwenye homa na mafua. Ni mzazi anayebeba habari ile. Ukimpeleka mtoto mwenye homa, anza na maneno haya: "Tulisafiri, tulikuwa mahali fulani, tumerudi tarehe fulani."

Na sisi tunaopokea wageni tuna wajibu wetu. Chandarua chenye dawa kiwepo kwa mgeni kabla ya godoro. Mara nyingi bibi huwapa wageni kitanda na wenyeji chandarua kilichochanika. Basi mzazi anayeleta watoto aje na chandarua chake begini, ni chepesi kuliko sweta. Watoto wasiachwe nje usiku kucha wakisikiliza hadithi bila nguo za mikono mirefu. Akiugua angali hapa, apelekwe zahanati apimwe siku hiyo hiyo kwa kipimo cha haraka; asianzishiwe dawa kwa kubahatisha. Akipewa dawa mseto, ameze baada ya kula, na dozi ya pili iwe saa 8 baada ya ya kwanza. Zile siku 3 zitimie, hata kama siku ya pili anacheza mpira.

Tukimbie hospitali bila kungoja asubuhi tukiona mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazinduki, anahema kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa.

TUULIZANE HIVI

Katika mwezi huu na ujao, kila tunapokutana na mwenzetu aliyesafiri au aliyepokea wageni, baada ya kuuliza nauli na kupokea zawadi, tumwulize mambo manne. Mmerudi lini? Watoto walilala ndani ya chandarua? Kuna aliyepata homa tangu mrudi? Na wewe mwenyewe, mama, dawa zako umekunywa? Swali hilo la mwisho tusiliache, kwa maana mama ndiye anayehesabu vichwa vya watu wote ndani ya basi akasahau kujihesabu.

Tukiwa na wageni waliokwisha kuondoka, tuwapigie simu baada ya wiki 2. Si kwa ajili ya kuuliza kama asali imefika. Tuulize kama watoto wana afya.

Mariamu alipopata habari za Elisabeti, alishika njia akaenda milimani, akakaa kwake kama miezi mitatu. Wanawake wawili wenye mimba, mmoja mzee na mmoja binti, walikaa pamoja na kutunzana. Bwana atusaidie nasi tuwe marafiki wa namna hiyo, wanaouliza na kungoja jibu. Hadi mwezi ujao, amani ya Kristo ikae nyumbani mwenu.